Uraia wa Nasaba: Yanayopaswa Kufahamika Kabla ya Kusaini Fomu ya Nchi Nyingine

Mwaka 2025 ulishuhudia mabadiliko kadhaa katika sheria zinazowagusa watu wenye nasaba ya nchi zaidi ya moja. Mwezi Februari, Oman ilitangaza sheria mpya ya uraia kupitia Amri ya Sultani Na. 17 ya 2025. Mwezi Machi, Serikali ya Italia ilitoa amri iliyobana haki ya kudai uraia kwa sababu ya kuwa na wahenga wa Kiitalia, na mwezi Mei Bunge la nchi hiyo likaigeuza amri hiyo kuwa sheria kamili. Hapa nchini, mwanzoni mwa mwaka huo huo, Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilipitisha marekebisho ya sheria yanayoweka Hadhi Maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nchi nyingine.

Matukio hayo matatu yametokea katika nchi tofauti na kwa sababu tofauti, lakini yote yanazunguka swali moja: mtoto au mjukuu anarithi nini kutoka kwa mzazi au babu aliyekuwa raia wa nchi fulani?

Swali hilo si geni kwa Watanzania. Zipo familia za Dar es Salaam na Zanzibar ambazo wazee wao walitoka Goa. Zipo familia za Unguja na Pemba zenye ndugu Muscat. Zipo familia za Kagera, Kigoma na Mara ambazo bibi au babu alivuka mpaka kuja kuoa, kuolewa au kulima. Na zipo familia za Arusha, Kilimanjaro na Iringa zenye damu ya Wazungu waliofika enzi za mashamba ya kahawa na mkonge. Katika familia hizo, habari kwamba nchi fulani inatoa pasipoti kwa wajukuu husambaa haraka. Jambo ambalo husambaa polepole ni athari ya hatua hiyo kwa uraia wa Tanzania alionao mwombaji.

Msingi wa Sheria ya Tanzania

Uraia nchini unasimamiwa na Sheria ya Uraia wa Tanzania Na. 6 ya mwaka 1995, Sura ya 357. Sheria hiyo inatambua njia tatu za kuwa raia: kwa kuzaliwa, kwa kurithi na kwa tajnisi, yaani kuandikishwa. Siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ndiyo alama kuu ya wakati katika sheria hiyo, kwa kuwa waliozaliwa kabla yake hutazamwa kwa kuzingatia pia sheria zilizotumika Tanganyika na Zanzibar.

Masharti mawili ya sheria hiyo yanahusika moja kwa moja na suala la nasaba. Sharti la kwanza ni kwamba Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Raia aliyefikisha umri wa miaka 18 ambaye kwa hiari yake anajipatia uraia wa nchi nyingine, kwa kuuomba au kuandikishwa, anakoma kuwa raia wa Tanzania. Mtoto anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini anapofikisha miaka 18 anatakiwa kuchagua. Akitaka kubaki Mtanzania, ni lazima aukane uraia wa nchi ile nyingine na kula kiapo cha utii ndani ya muda uliowekwa na sheria.

Sharti la pili ni kwamba uraia wa kurithi unakwenda kizazi kimoja tu. Mtu aliyezaliwa nje ya nchi ni raia wa Tanzania kwa kurithi iwapo, siku alipozaliwa, baba au mama yake alikuwa raia wa Tanzania kwa njia nyingine isiyo ya kurithi. Mzazi ambaye naye aliupata uraia kwa kurithi hawezi kumrithisha mtoto aliyezaliwa nje.

Ichukuliwe familia ya mzee aliyezaliwa Mbeya, akahamia Toronto na kubaki raia wa Tanzania. Binti yake alizaliwa huko mwaka 1998. Binti huyo alizaliwa akiwa Mtanzania kwa kurithi na Mkanada kwa kuzaliwa, na mwaka 2016 alipotimiza miaka 18 sheria ilimtaka achague. Mjukuu akazaliwa Toronto mwaka 2023. Hata kama mama yake alichagua Tanzania na kuukana uraia wa Kanada, mjukuu huyo si raia wa Tanzania kwa kurithi iwapo mama ndiye mzazi pekee anayemuunganisha na nchi hii, kwa sababu uraia wa mama wenyewe ni wa kurithi. Babu wa Mbeya hatoshi kumfanya mjukuu kuwa raia. Wazee wengi waishio ughaibuni hulifahamu jambo hili wanapofika ubalozini kumwombea mjukuu pasipoti.

Raia Tayari au Mwombaji?

Kwa aliye Tanzania mwenye nasaba ya nje, swali la kwanza ni iwapo sheria ya nchi ile inamhesabu kuwa raia tayari tangu alipozaliwa, au inampa tu haki ya kuomba. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye fomu, lakini mbele ya sheria ya Tanzania ni kubwa.

Sheria ya Uingereza inaonesha jambo hili kwa uwazi. Ichukuliwe mama aliyezaliwa Leeds, akaolewa na Mtanzania na kuzaa watoto wawili Dar es Salaam: wa kwanza mvulana mwaka 1975, wa pili msichana mwaka 1990. Wote wawili ni Watanzania kwa kuzaliwa. Lakini Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1983, na kabla ya hapo mama Mwingereza hakuweza kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje kama baba alivyoweza. Kwa hiyo, msichana wa mwaka 1990 ni raia wa Uingereza tangu siku aliyozaliwa, bila kujaza fomu yoyote. Kaka yake wa mwaka 1975 si raia. Uingereza ilikwishaweka njia ya kurekebisha ubaguzi huo wa zamani dhidi ya akina mama, lakini njia hiyo inamtaka aombe kusajiliwa.

Kaka akisajiliwa leo, amejipatia uraia wa nchi nyingine kwa hiari akiwa mtu mzima, na kwa sheria ya Tanzania uraia wake unakoma. Dada hakuomba chochote, lakini hali yake inahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 2008 alipotimiza miaka 18 alikuwa na uraia wa nchi mbili, na sheria ilimtaka achague. Huenda hakuwahi kuwa na pasipoti ya Uingereza wala kufikiria kwamba anaihitaji. Hata hivyo, kutokujua si njia ya kuchagua, na mtu wa namna hii ndiye mwenye sababu kubwa ya kufika Idara ya Uhamiaji ili hali yake itazamwe na kuwekwa sawa.

Ireland nayo hutenganisha mtoto na mjukuu kwa namna inayofanana. Mtoto wa raia aliyezaliwa katika kisiwa cha Ireland huhesabiwa raia moja kwa moja, hata kama yeye amezaliwa Moshi. Mjukuu wa mtu aliyezaliwa Ireland, ambaye mzazi wake alizaliwa nje ya kisiwa hicho, ana haki ya kuandikishwa katika Daftari la Vizazi vya Nje, na uraia wake huanza siku ya kuandikishwa. Kwa Mtanzania mzima, kuandikishwa huko ni kitendo cha hiari. Ni haki aliyopewa na nchi ya babu yake, lakini kuitumia kuna gharama katika nchi yake mwenyewe.

Nchi Jirani

Katika Afrika Mashariki tofauti za sheria ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 14, inamhesabu kuwa raia kwa kuzaliwa mtu yeyote ambaye siku ya kuzaliwa kwake baba au mama yake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa ndani au nje ya nchi hiyo. Kenya inaruhusu uraia pacha, ingawa sheria yake ya mwaka 2011 inamtaka raia kwa kuzaliwa anayepata uraia mwingine kutoa taarifa ndani ya miezi 3, na Katiba yake inawazuia maofisa wa Serikali wa ngazi za juu, isipokuwa wachache waliotajwa, kuwa na uraia wa nchi mbili.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakwenda mbali zaidi. Ibara ya 10 inamhesabu kuwa raia kwa kuzaliwa mtu aliyezaliwa ndani au nje ya Uganda, ikiwa wakati wa kuzaliwa kwake mmoja wa wazazi wake au hata mmoja wa babu na bibi zake alikuwa raia wa Uganda kwa kuzaliwa. Kwa maneno mengine, mkazi wa Missenyi ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa raia wa Uganda anaweza kuwa anahesabiwa na Katiba ya nchi hiyo kuwa raia wake, wakati yeye mwenyewe hajawahi kuifikiria Uganda isipokuwa kama nchi ya kwenda kuwasalimu wajomba.

Hali hiyo haimaanishi kwamba Watanzania wa mikoa ya mpakani wanapaswa kuingiwa na hofu kuhusu uraia wao. Inamaanisha kwamba kuchukua kitambulisho au pasipoti ya nchi jirani ili kurahisisha biashara, ajira au masomo ni jambo lenye uzito wa kisheria. Mtu aliyezoea kuvuka mpaka tangu utotoni anaweza kuona kitambulisho cha upande wa pili kuwa ni karatasi ya safari tu, kumbe kinaweza kuja kutumika kama ushahidi kwamba amejichukulia uraia mwingine.

Milango Inayobadilika

Jambo jingine linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba nchi inayotoa uraia kwa nasaba inaweza kubadili masharti wakati wowote. Kwa miongo mingi, sheria ya Italia haikuweka ukomo wa vizazi. Aliyethibitisha kwamba mhenga wake alikuwa Mwitalia, hata akiwa baba wa babu yake, na kwamba mnyororo wa uraia haukukatika, aliweza kutambuliwa kuwa raia. Amri Na. 36 ya 28 Machi 2025, iliyogeuzwa kuwa Sheria Na. 74 ya mwezi Mei mwaka huo, ilibadili hali hiyo. Sasa kwa kawaida aliyezaliwa nje ya Italia akiwa na uraia mwingine hutakiwa kuonesha kwamba mzazi, au babu au bibi, ana uraia wa Italia pekee au alikuwa nao pekee hadi kufariki. Maombi yaliyowasilishwa kabla ya amri hiyo yaliendelea kushughulikiwa kwa masharti ya zamani. Walioanza kukusanya vyeti baadaye walikuta mlango umebanwa.

Ureno kwa upande wake imeendelea kwa muda mrefu kuwatambua waliozaliwa Goa, Daman na Diu wakati maeneo hayo yakiwa chini yake, yaani kabla India haijayatwaa mwezi Desemba 1961. Watoto wao wamekuwa wakijenga madai yao juu ya usajili wa kizazi cha mzazi katika ofisi za kumbukumbu mjini Lisbon. Kwa familia za Kigoa zilizokaa Dar es Salaam na Zanzibar kwa vizazi kadhaa, njia hiyo ipo, lakini msomaji anapaswa kukumbuka kwamba mwisho wake ni uraia kamili wa nchi nyingine, na si hati ya kusafiria peke yake.

Kwa wenye nasaba ya Oman, uamuzi huwa mgumu zaidi, kwa kuwa nchi hiyo nayo, kama Tanzania, kwa kanuni hairuhusu uraia wa nchi mbili isipokuwa kwa idhini maalumu. Tangu Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya Oman waliokuwa Zanzibar walirejea huko, na familia nyingi zina ndugu pande zote mbili za bahari. Kwao, wahenga walikwishasema: mshika mawili, moja humponyoka.

Hadhi Zisizo Uraia

Si kila faida ya nasaba inamtaka mtu aache uraia wake. Baadhi ya nchi zimeweka hadhi zinazompa mjukuu nafasi ya kuingia, kuishi au kufanya kazi bila kumfanya raia, na kwa Mtanzania anayetaka kubaki Mtanzania hizi ndizo zenye kustahili kutazamwa kwanza.

Uingereza inayo viza ya nasaba kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, ikiwemo Tanzania, wenye umri wa miaka 17 au zaidi, ambao babu au bibi yao alizaliwa nchini humo. Viza hiyo ni ya miaka 5, inaruhusu kazi, na baada ya hapo mwenye nayo anaweza kuomba ukaaji wa kudumu. Watoto wa yule kaka na dada waliozaliwa na mama wa Leeds, iwapo wamezaliwa Tanzania, wanaweza kuitumia pale ambapo hawahesabiwi kuwa raia wa Uingereza. Kinachowapa sifa hiyo si bibi peke yake. Ni uraia wao wa Tanzania pia, kwa kuwa viza hiyo imewekwa kwa ajili ya raia wa Jumuiya ya Madola. Ukaaji wa kudumu nao si uraia. Hatua inayogusa uraia wa Tanzania ni ile ya kuomba na kupewa uraia wa Uingereza.

India, ambayo nayo haina uraia pacha, inatoa hadhi kwa raia wa nchi nyingine wenye asili ya India hadi kufikia vitukuu. Ingawa jina lake la kiofisi limebeba neno uraia, mwenye hadhi hiyo hapigi kura India, hagombei ubunge na hawezi kununua ardhi ya kilimo. Anabaki raia wa nchi yake.

Hadhi Maalum iliyowekwa na Tanzania mwaka 2025 imejengwa juu ya fikra inayofanana. Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge yaligusa Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi, kwa lengo la kuwawezesha wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nchi nyingine kuingia na kuishi nchini, na kumiliki ardhi kwa masharti yaliyowekwa. Hadhi hiyo haimrudishii mtu kura wala nafasi ya kugombea uongozi. Hata hivyo, kwa mjukuu wa yule mzee wa Mbeya, ambaye sheria ya uraia haimfikii, ndiyo njia inayomwezesha kutazamwa na nchi ya babu yake zaidi ya mgeni wa kawaida, kadiri atakavyotimiza masharti.

Nyaraka Kwanza

Madai yote ya nasaba husimama juu ya karatasi. Mwombaji hutakiwa kuonesha cheti chake cha kuzaliwa, cha mzazi wake na cha babu au bibi, pamoja na vyeti vya ndoa vinavyounganisha majina. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Wazee wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hawakusajiliwa, na waliosajiliwa mara nyingine majina yao yameandikwa kwa tahajia tatu tofauti katika hati tatu tofauti.

Kwa Tanzania Bara, cheti cha kuzaliwa hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na upo utaratibu wa usajili uliochelewa kwa ambao hawakusajiliwa kwa wakati. Kwa Zanzibar, kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Familia inashauriwa kushughulikia nyaraka za wazee wakiwa hai, kwa kuwa mzee mwenyewe ndiye anayekumbuka kijiji alichozaliwa, jina la ubatizo au la jandoni, na mwaka wa ndoa yake. Faida ya kufanya hivyo haiishii kwenye uraia wa nje. Hati hizo hizo hutumika katika mirathi na katika kuthibitisha uraia wa Tanzania wenyewe.

Ni vyema pia kuwa na tahadhari dhidi ya watu wanaojiita mawakala na kuahidi pasipoti ya Ulaya kwa malipo ya awali. Uamuzi wa nani ni raia wa nchi fulani hufanywa na mamlaka za nchi hiyo, na taarifa sahihi hupatikana katika ubalozi wake au tovuti rasmi ya serikali yake. Anayebuni babu au kughushi cheti anajiweka katika hatari ya kesi ya jinai katika nchi zote mbili.

Kinachopimwa

Anayeacha kuwa raia wa Tanzania hupoteza haki ya kupiga kura, ambayo Ibara ya 5 ya Katiba imeiweka kwa raia, na sifa ya kugombea ubunge au urais. Nafasi yake katika umiliki wa ardhi hubadilika kuwa ya asiye raia. Pasipoti yake ya Tanzania si halali tena, hata kama tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani yake bado haijafika.

Kurudi nako si kwa kugonga mlango tu. Anayetaka uraia wa tajnisi hutakiwa, pamoja na masharti mengine, kuwa amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa kwa vipindi vinavyofikia jumla ya miaka 7. Awe pia na tabia njema na ajue Kiswahili au Kiingereza. Hata akifanikiwa, Ibara ya 39 ya Katiba inataka Rais awe raia wa kuzaliwa.

Yapo mazingira ambamo mtu, baada ya kupima hayo yote, ataona kwamba maisha yake, watoto wake na kazi yake viko katika nchi nyingine, na ataamua kuchukua uraia wa huko. Sheria haimzuii, na inao utaratibu wa kuukana uraia wa Tanzania kwa tamko rasmi. Kwa mtu wa namna hiyo, kufuata utaratibu huo na kisha kuangalia kama anastahili Hadhi Maalum kunamwacha akiwa na uhusiano unaotambulika na nchi alikozaliwa. Anayebaki na pasipoti mbili mfukoni akitumaini kwamba hakuna atakayeuliza, huulizwa mara nyingi siku asiyoitarajia: anapohamisha hati ya kiwanja, anapogombea udiwani, au mwanawe anapoomba kitambulisho cha Taifa.

Mwananchi mwenye mzazi au babu wa nchi nyingine anashauriwa kufika katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa au wilaya, au katika ubalozi wa Tanzania iwapo yuko nje, akiwa na vyeti vyake, na kuuliza hali yake kabla ya kujaza fomu yoyote. Mzazi mwenye mtoto aliye na uraia wa nchi mbili afanye hivyo kabla mtoto hajatimiza miaka 18, wakati familia bado ina nafasi ya kukaa pamoja na kuamua.